Ghala la Ahero Lazima Lijae

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Ghala bado tupu. Idara yetu ya serikali ilikata utepe, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hata debe. Wakulima wa Ahero huuza mpunga wao shambani, ukiwa bado mbichi, kwa lori lolote litakalosimama barabarani. Wakati huohuo nimefundisha vijana ishirini kazi ya ghala: kupanga magunia, kupakia, kupima unyevu. Wamehitimu. Kazi hakuna. Niliwaahidi mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mama zao.

Leo, habari kubwa! Bi Safia, ambaye familia yake imeuza nafaka Kisumu tangu enzi za babu yake, anafikiria kulikodi ghala. Akilikodi, atawaajiri vijana wote. Anakuja Alhamisi. Mkurugenzi wetu, Mzee Joram, aliniuliza kama mna mpunga ndani. Nikamjibu kwamba linajaa. Si uongo kamili. Kujaa ni safari.

Cliff, ambaye nagawana naye meza ofisini, alichekea puani. Alisema yeye angemweleza mama wa watu ukweli na kumwonyesha takwimu. Cliff ana imani ya kitoto katika takwimu.

Jumanne, 6 Mei

Nimezunguka Ahero kuwasihi wakulima. Mama Dorca, mwenyekiti wa kikundi chao, alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonipa tumaini. Kisha akasema, nyathina, yaani mwanangu, ghala lenu halinunui, linatutazama tu. Karo ya shule haingoji sera. Nikamwomba basi aniazime magunia ya mpunga hadi Ijumaa. Akaniuliza kama na mimi ningemwazima viatu vyangu avilimie.

Nilirudi kwa miguu, nikiwaza kwamba labda nchi hii haistahili watu wanaoipenda. Ndipo nilipopita nyuma ya kinu cha mpunga. Makapi! Kilima kizima cha makapi, kirefu kuliko kanisa la jirani. Mwenye kinu huwabembeleza watu wayazoe, bure.

Mpango ni huu. Tunajaza magunia makapi. Mgeni anaona ghala lililo hai, analikodi. Wakulima wanaona mnunuzi, wanaleta mpunga. Makapi yanatolewa kwa mlango wa nyuma. Chuoni tuliita hivi kuchochea mahitaji. Wengine wataita wanavyojua.

Jumatano, 7 Mei

Siku nzima ya kujaza na kushona. Vumbi. Naswa, msichana pekee katika kundi, amepiga chafya hadi akaomba samahani kwa mababu.

Ouma, kiongozi wa vijana, aliinua gunia kwa mkono mmoja, juu ya kichwa, akanitazama. Akauliza, Madam Awuor, huu mpunga umefunga Kwaresima? Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliwakusanya nikawapa hotuba. Kuanzia sasa haya ni magunia ya mpunga. Mtayabeba kama mpunga na kuyaheshimu kama mpunga. Atakayetamka neno makapi mbele ya mtu yeyote, sitampendekeza kazini.

Tukafanya mazoezi ya kulemewa. Watu wawili kwa gunia, magoti yakunjwe, mguno utoke tumboni. Ouma anaguna vizuri sana. Naswa anazidisha, kama anayejifungua. Tukamaliza kwa kurudia somo la tatu, ninalolipenda kuliko yote: lori halisubiri.

Jioni magunia yalikuwa yamefika darini, safu juu ya safu, yakiwa yameachana na ukuta kama nilivyofundisha. Nilisimama mlangoni. Machozi yalinilenga. Ukifumba jicho moja, huo ulikuwa uchumi.

Alhamisi, 8 Mei

Lazima niandike yote, hata kama mkono unakataa.

Nilimfuata Bi Safia mjini kwa gari la idara. Cliff alijialika, amevaa tai, amebeba takwimu zake. Bi Safia hakuwa na haraka. Chai kwanza. Mahamri. Akaulizia afya za mama zetu. Cliff alimwonyesha takwimu, Bi Safia akaisifu tai yake.

Tulipofika Ahero ghala lilikuwa tupu.

Tupu! Halikubaki gunia. Vijana walikuwa wamejipanga mlangoni, jasho likiwatiririka, nyuso kama za maharusi. Ouma akatoa taarifa: lori la Bi Safia lilikuja, dereva Bwana Mbarak akasema ametumwa kuchukua mzigo wa majaribio, nao wamempakilia kila kitu kabla hajamaliza soda yake. Halafu kwa sauti moja, wote: lori halisubiri!

Bi Safia alitabasamu. Akakiri kwamba alilituma makusudi, akatuchelewesha kwa chai. Kwao, alisema, mtu hatazami ghala lililojaa. Mzigo uliojaa ndani ni mzigo uliolala. Hutazama jinsi unavyotoka. Akaninyooshea mkono. Nikajua huu ndio wakati wa kusema. Nikafungua mdomo. Nikasema idara inashukuru sana.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mbarak, kwenye mizani yao huko Awasi. Tulimsikia wote, maana Mbarak huongea na simu kana kwamba umbali ni kazi ya koo. Mama, mizani inasema sina kitu, na mimi kwa macho yangu naona nimejaza! Akasema amechoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchunguzia nafaka. Mama, nimebeba upepo!

Cliff alizificha takwimu zake mgongoni.

Bi Safia akamuuliza Ouma kulikuwa na nini ndani ya magunia. Ouma akanitazama. Mpunga, akasema. Akaulizwa tena. Mpunga, Mama. Mara ya tatu akasema Madam ni serikali, na serikali imesema ni mpunga. Sisi ni nani?

Nilitamani ardhi ya hapa Kano, ambayo humeza barabara kila masika, inimeze na mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee Joram hakufoka. Alivua miwani. Ni vibaya zaidi.

Bi Safia alikuwepo. Uamuzi wake: ghala atalikodi, na vijana atawachukua wote. Alisema watu wanaoweza kupakia upepo kwa mpangilio ule, na kuutetea mbele yake mwenyewe bila kupepesa macho, mpunga utakuwa salama mikononi mwao. Sharti ni moja. Mimi nisikanyage pale. Mzee Joram alikubali kabla mgeni hajamaliza sentensi. Kiungo kati ya idara na ghala atakuwa Cliff. Alinipa pole kwa uso wa mtu aliyetoka kula kuku.

Ouma alinipigia simu kushukuru. Mama yake ameimba tangu asubuhi. Akauliza kama nitakuja Jumatatu kuwaona wakianza. Nikamwambia nina majukumu ya kitaifa. Baada ya hapo nilikaa na simu mapajani bila kufanya lolote.

Nasikia Mama Dorca ataleta mpunga, kwa kuwa sasa mnunuzi yupo. Vilevile nilivyotabiri! Sera yangu imefaulu katika kila hatua isipokuwa mizani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimehamishiwa meza ya samaki. Kuna chumba cha baridi ufukweni, kizuri, kitupu. Kuna wanawake waliofundishwa kazi yake, nao wamekaa nyumbani wakingoja. Kuna mgeni anayekuja Alhamisi kukitazama.

Wikendi yote nimejichunguza, kwa unyenyekevu, bila kujihurumia. Kosa langu nimelijua na nimelikubali. Makapi ni mepesi.

Mchana nimezungumza na wanaouza mgongo wazi, yale mabaki ya samaki mbuta baada ya minofu kuondolewa. Watanipa mikia. Barafu itafunika kilicho chini, mikia itachungulia. Na chini nitaweka mawe ya Mto Nyando, nimechagua mwenyewe yenye ukubwa wa mbuta mzima. Hayo hata Mbarak ayapime.