Salio Langu kwenye Spika

Jumatano, 6 Novemba
Pesa ya kakao imeingia kwenye simu! Sedi elfu tano, kimya kimya, bila noti hata moja kuonekana. Mke wangu Akua akauliza kama mnunuzi kalipa. Nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema hata paa la jiko linasumbua, mvua inamwagika kwenye mchuzi. Nikamwonea huruma kidogo. Lakini paa haliendeshwi. Pikipiki inaendeshwa!

Alhamisi, 7 Novemba
Shemeji Boakye kaja kukopa. Kabla hajafungua mdomo, nikawahi kulia ukata mimi. Masikini, akaniachia viazi vikuu viwili. Vitamu. Akili ninayo, jamani.

Jumamosi, 9 Novemba
Msiba wa Bibi Pokuaa. Bediako, jirani yangu mwenye shamba dogo na majigambo makubwa, katoa sedi mia. Mtangazaji wa michango akamtaja kwenye spika mara tatu, kama desturi. Bediako akanigeukia, akatabasamu. Sikuvumilia! Nikawatumia wafiwa mia mbili kwa simu, nikamkabidhi mtangazaji simu yangu asome meseji, asije mtu akasema naongopa.

Akasoma jina langu. Raha iliyoje! Akasoma mia mbili. Kisha akaendelea. Akasoma ada. Akasoma salio: elfu nne, mia saba tisini na nane. Mara tatu. Hata wapiga ngoma waligeuka kunitazama. Akua akasema kumbe mtandao umepona.

Jumapili, 10 Novemba
Boakye kafika alfajiri kudai viazi vyake. "Tajiri mzima, huoni haya kula viazi vya maskini?" Mzee wa kanisa naye kaja. Bediako kaja kunipongeza, kisha akakopa! Mwisho kaja fundi wa mabati, kaitwa na Akua. Nikamlipa kwa simu hadi salio likaisha, Akua kasimama nyuma yangu akihesabu sifuri. Kwaheri pikipiki. Nimelia, nasema ukweli.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua kubwa. Jiko kavu. Akua anaimba, na mchuzi ni mtamu kweli. Inauma.

Jumamosi kuna msiba mwingine. Bediako anatamba atatoa mia na hamsini. Lakini kosa langu nimeshalijua: ni lile salio. Basi leo nimekopa mia tatu kwenye simu, na nitazituma zote. Salio litakuwa sifuri. Wasome wapendavyo!

Deni halitajwi kwenye meseji. Nadhani.