Fahali Kwenye Mwaliko wa Resian

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata wazo! Niko na tovuti moja, seva moja ya kuhifadhia kurasa zote. Kila mteja nitampa subdomain, yaani kijina chake mbele ya jina langu. Parsaoti, muuza ng'ombe hapa Kitengela, amepata "mifugo". Fahali wake tayari yuko hewani, anapendeza. Mwongeli wa cyber ya jirani akauliza kama kweli najua kuseti seva. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti
Mteja wa pili! Mzee Samuel anamwoza bintiye Resian Jumamosi. Wakwe wako mbali, Illasit, kwa hivyo anataka mwaliko wa mtandaoni. Nimempa "harusi". Nikakopi faili ya mifugo, ile inayoiambia seva jina la ukurasa, nikabadilisha jina haraka haraka. Nikawatumia wakwe wote kiungo. Kujaribu kufungua kwanza? Hiyo ni ya wanaojifunza.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Mzee Samuel amepiga simu. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kwa nini wakwe wakifungua harusi wanaona fahali. Chini yake: "Mtulivu, ana afya, hasumbui. Njoo ujionee." Mama mkwe amesema kama wanadharauliwa hivi, hawaji. Resian analia.
Nimesoma faili. Iko sawa. Nikazima seva, nikaiwasha. Fahali. Nikazima tena. Fahali! Sielewi kitu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimetatua! Kama seva inapenda ukurasa wa fahali, basi nimemtoa fahali na kumweka Resian hapo hapo. Harusi inafunguka, maua na kila kitu. Mimi ni fundi.
Jioni Mzee Samuel tena. Mtu wa Matasia amefungua "mifugo", akaona picha ya Resian na namba ya baba yake. Akapiga kuuliza kama amechanjwa, na kama anaweza kuleta lori.

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee Samuel amekuja dukani kwangu na rungu. Hakunipiga. Ameketi tu, ananitazama. Afadhali angenipiga.
Mwongeli akaliona rungu kutoka mlangoni, akaingia. Akainama kwenye kompyuta yangu.
"Kahiga, hapa umeandika 'haursi'."
Eti seva ikiitwa kwa jina isilolijua, inatoa ukurasa wa kwanza ilio nao. Akarekebisha herufi, akamrudisha fahali kwake. Nilikuwa karibu kuiona mwenyewe.
Resian akampigia mama mkwe, akamweleza yote kwa Kimaa. Wakacheka mpaka simu ikakatika. Wanakuja!

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi imefana. Watu wote wananizungumzia, na hayo ndiyo matangazo. Hapo hapo mezani nimepata wateja wawili: Hamda, mwenye kliniki ya kina mama wajawazito, na Oscar, mwenye bucha. Nimewaseti kwa simu, sahani ya nyama magotini, na kutuma kwa kila mtu. Mwongeli akaomba aangalie faili kidogo tu. Nikamwambia aende akale keki.