Wiki ya Jino na Mtindi

Jumatatu, 3 Machi

Jipu la jino. Daktari wa meno amenipa antibiotiki za siku saba, nizimalize zote hata nikipona mapema. Mwaka jana dozi kama hii iliniharisha siku tatu. Na Ijumaa ndiyo mkutano wa bodi! Nimeteuliwa kuandika muhtasari. Muda wa saa tatu, mlango umefungwa, hatoki mtu kabla ya mwenyekiti. Nikifaulu, napata ajira ya kudumu. Nikikimbilia chooni, anaipata Mpambe, karani mwenzangu. Leo kaniuliza mara mbili kama najisikia vizuri. Huruma ya fisi kwa mbuzi mgonjwa.

Jumanne, 4 Machi

Mfamasia anasema mtindi wenye bakteria wazuri huwasaidia wengi, si wote, wasiharishe. Niunywe saa mbili baada ya antibiotiki. Nikanunua vikombe vinne. Njiani nikasoma kibandiko: bakteria hai. Hai! Mimi nimesoma biolojia, si mtoto. Nikauchemsha dakika kumi. Ukakatika, maji huku, mabonge kule. Nikabana pua, nikanywa vikombe vyote. Kinga ni bora kuliko tiba. Najisikia mwerevu.

Jumatano, 5 Machi

Chooni mara nne! Nikaenda kumlalamikia mfamasia kwamba mtindi wake hauna kazi. Nikamweleza nilivyouandaa. Akacheka hadi akashika kaunta. Kaka yangu, akasema, hao bakteria ndio wafanyakazi wenyewe, na wewe umewapika supu! Ninunue mwingine, niunywe baridi. Sawa. Nikaweka vikombe viwili kwenye friji ya ofisi. Mpambe hula cha kila mtu, kwa hiyo nikaandika juu ya vikombe: SAMPULI YA CHOO. USIGUSE. Mpango safi kabisa!

Alhamisi, 6 Machi

Mama Usafi amesoma. Kelele zake zimefika ghorofa ya pili. Vikombe vimetupwa, friji imeoshwa kwa dawa mara tatu, na bosi anamsaka mwenye mwandiko ule mzuri. Nimeandika kwa mkono wa kushoto kutwa nzima. Nyumbani nikamweleza shangazi. Hakucheka. Akasema, mwanangu, hofu yako ina digrii. Akanipa kikombe cha mtindi baridi, akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikamaliza. Nilihisi wale bakteria wanatembea tumboni.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kanisimamia tena asubuhi, kikombe kingine. Tumbo shwari! Mpaka ajenda ya nne. Chumba kimya, likanguruma. Mara moja tu, lakini kwa kirefu. Wajumbe wote wakamtazama Mpambe, aliyekuwa akigawa karatasi. Nami nikamtazama, kwa masikitiko. Baada ya hapo, kimya. Kurasa kumi na moja, sikunyanyuka hata mara moja. Mwenyekiti amesema barua yangu ya ajira itakuwa tayari Jumatatu. Mpambe kanipa mkono kama anayeshika samaki.

Jumamosi, 8 Machi

Jino halinisumbui tena. Dozi bado siku moja, nitaimaliza. Shangazi kaniletea bakuli la mtindi la kunipongeza. Akauliza kama sasa nimeona faida ya kuwasikiliza wanaojua. Nimeona, shangazi, nikasema, tena kwa moyo wote. Akatoka kwenda sokoni.

Nikalitazama bakuli. Bakuli zima. Wote wale, hai.

Nikawasha jiko. Dakika tano tu safari hii, si kumi. Mtu hujifunza kutokana na makosa yake.