Kitambaa cha Malkia wa Machozi

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Ukumbi wa sinema wa mtaa wetu, uliofungwa tangu paa lilipoanza kuvuja, unafunguliwa tena Jumamosi. Meneja wa ukumbi mwenyewe kaniambia, alipoleta suruali zake kufuliwa. Kabla ya filamu, mashabiki wa zamani watapanda jukwaani kusimulia kumbukumbu zao za nyota wa enzi zile. Atakayesimulia vizuri kuliko wote atakaa kiti cha mbele, kando ya mgeni wa heshima. Nikauliza mgeni ni nani. Akasema ni siri, akaondoka akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nani shabiki kuliko mimi? Ukutani kwa dobi gani mwingine pametundikwa picha ya Malkia wa Machozi, aliyelia katika kila filamu aliyocheza? Na picha ya Sharubu, yule jambazi wa tamthilia ya televisheni ya kila Alhamisi, tuliyemchukia kwa mapenzi yetu yote?

Tatizo ni kumbukumbu. Ya kweli ninayo moja tu, nayo ni ya aibu. Nilikuwa mtoto. Mama alinipeleka kumwona Malkia. Nikalia kwa sauti kuliko Malkia mwenyewe, tukatolewa nje filamu haijaisha. Hiyo si ya kumsimulia mtu mzima. Itabidi itafutwe nyingine.

Mke wangu akauliza natabasamia nini. Nikamwambia: historia. Akasema historia ikishanifurahisha, mashuka ya hoteli bado yamo kwenye beseni.

Jumanne, 4 Juni

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaniwahi! Kabandika karatasi kwenye kioo chake: HAPA PANA SHARUBU HALISI ZA SHARUBU. Ndani, juu ya rafu ya mafuta ya nywele, kaweka kichupa chenye vinyweleo. Anadai Sharubu alipita mjini zamani, akaketi kwenye kiti kilekile, naye akamnyoa kwa mkono wake.

Nilikwenda kuangalia, kama jirani mwema. Vinyweleo vyenyewe ni vya rangi ya kahawia. Mjanja huyu! Televisheni zetu zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Nani atabisha?

Mama mkwe naye alikwenda. Akakishika kichupa kwa mikono miwili. Aliporudi, aliketi mbele ya televisheni, kisha akamwambia mke wangu, nami nikiwa palepale, kwamba duniani kuna wanaume wenye historia na kuna wanaume wenye sabuni.

Hapo mdomo wangu ukasema kabla yangu. Ukasema kwamba Malkia wa Machozi aliwahi kunipa kitambaa chake cha kufutia machozi. Kikiwa bado kimelowa.

Mama mkwe akazima televisheni. Sijawahi kumwona akizima televisheni. Akauliza kiko wapi. Nikasema kimehifadhiwa. Akauliza wapi. Nikasema panapohifadhiwa vitu vya thamani. Mke wangu akanitazama kama anavyotazama doa analolifahamu.

Jumatano, 5 Juni

Maisha yangu yote naondoa madoa. Leo nimetia. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani!

Nilichukua kitambaa cheupe kilichosahauliwa na mteja, nikakichovya kwenye chai. Cha kwanza kikatoka kama ramani ya dunia. Nikaanza upya: chai nyepesi, jua la asubuhi, kisha pasi ya moto kidogo pembeni ili pawe na umanjano wa uzee. Pembeni nikadarizi herufi M. Baadaye nikakumbuka kwamba Malkia ni jina la utani tu. Si kitu. Ukishaitwa malkia, utaandika nini kingine?

Kazi ya kujivunia. Nikakianika, nikaenda kupeleka mashati ya daktari wa meno.

Niliporudi, mama mkwe, ambaye tangu ahamie kwetu hajawahi kugusa hata kibanio cha nguo, alikuwa ameamua kutusaidia. Alikiona kitambaa kwenye kamba, akakihurumia, akakitia kwenye dawa yangu mwenyewe ya kung'arisha. Kimekuwa cheupe kama jino la maziwa! Akaniambia kwa fahari kwamba nimezidi uzembe, doa lenyewe ni la chai tu, mbona yeye kalitoa mara moja.

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Alhamisi, 6 Juni

Nimetengeneza kingine, kwa kujificha, nyuma ya pipa la maji. Hiki ni bora kuliko cha jana. Mkono umeshazoea.

Kinyozi alikuja kukipeleleza, akijifanya anaazima pasi. Akakinusa. Akasema kinanukia chai. Nikasema Malkia alipenda chai. Akasema sharubu hazihitaji chai. Nikamjibu kwamba kinyozi hajinyoi, naye akajigusa kidevu bila kujijua. Ushindi! Akaniambia dobi hula uchafu wa watu. Nikamwambia kinyozi hula vichwa vyao. Tukaachana hapo, kila mmoja akiona kamshinda mwenzake.

Jioni nikaenda kwake na hila moja ndogo. Nikausukuma mlango kwa nguvu ili upepo ufanye kazi yake. Ukafanya! Kichupa kikaanguka, sharubu zote zikamwagika sakafuni, kati ya nywele za wateja wa siku nzima. Nikasema pole. Nikasema samahani. Moyoni nikapiga makofi.

Kinyozi akainama. Akachukua ufagio, akafagia, akajaza tena kichupa. Sasa kimejaa kuliko mwanzo! Tena zimo na mvi. Mteja mmoja akauliza mvi zimetoka wapi. Kinyozi akajibu kwamba hata Sharubu naye anazeeka.

Kila aliyekuwamo aliitikia kwa kichwa. Huyu mtu ana kipaji, sikatai.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwisha.

Meneja wa ukumbi amebandika tangazo. Mgeni wa heshima ni Malkia wa Machozi. Yeye mwenyewe. Mzima.

Nilikaa juu ya gunia la sabuni. Kinyozi alivuka barabara, wembe ukiwa bado mkononi na mteja wake kaachwa na povu shavuni, aje kunicheka karibu. Akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. Akasema kesho atafurahi sana kuona watu wawili waliofahamiana siku nyingi wakikutana tena.

Nikamwambia mke wangu naumwa. Akanigusa paji la uso. Akasema ugonjwa huu ni wa mdomo, nao hauna dawa.

Niliamua kusema kitambaa kimepotea. Lakini mama mkwe alikwishakichukua. Kakifunga kwenye nailoni, kakitia kwenye mkoba wake mweusi, ule wa harusi na misiba. Kisha kapita nyumba kwa nyumba. Nimemsikia kwa masikio yangu, mlangoni kwa fundi cherehani, akisema: “Ni mkwe wangu huyo.”

Mkwe wangu! Miaka yote hii nilikuwa “huyu”. Nikipita nilikuwa “yule”. Sasa nimekuwa mkwe, siku moja kabla ya kuaibika. Nikikimbia, nitarudi kuwa “yule” mpaka nizikwe.

Nimefua mashuka ya hoteli mara mbili. Hayakuwa machafu hata mara ya kwanza.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuandika. Leo naandika kwa macho yaliyovimba.

Ukumbi ulijaa. Rangi ya kuta ilikuwa bado mbichi, kila aliyeegemea akaondoka na kumbukumbu ya kijani mgongoni. (Wateja wangu wa wiki ijayo. Mungu hamtupi mja wake.) Malkia wa Machozi alikuwa mbele. Bibi mfupi, kilemba cha buluu, fimbo mkononi. Na anacheka! Anacheka kila kitu. Nilitafuta chozi usoni mwake nikakosa.

Kinyozi aliitwa kwanza. Akainua kichupa, akasimulia jinsi alivyomnyoa Sharubu, jinsi Sharubu alivyomwonya asimkate. Watu wakasisimka. Malkia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba zile sharubu zilikuwa za kubandika. Yeye mwenyewe alikuwa akimsaidia mwenzake kuzipaka gundi. Maskini, hakuota hata unywele mmoja juu ya mdomo, na kila akinywa supu zilimdondokea bakulini.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kinyozi akarudi kwenye kiti chake akitembea kama mtu anayetafuta sarafu chini. Nami ningefurahi, kama jina langu lisingefuata.

Mama mkwe akapanda jukwaani pamoja nami. Hakualikwa. Akafungua mkoba mbele ya watu wote, akafungua nailoni, akanikabidhi kitambaa kwa mikono miwili, akashuka akiwa amenyoosha shingo kama mama wa bwana harusi.

Nikaeleza. Sauti yangu ilitoka kama ya panya. Malkia akanyoosha mkono, nikampa. Akakigeuza. Akaitazama ile M. Akakinusa.

“Hii ni chai?” akauliza.

“Ni chai, mama.”

“Ya maziwa?”

“Ya rangi, mama. Ya maziwa inaozesha kitambaa.” Hata kwenye aibu fundi ni fundi.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikamwona Kinyozi akiinuka kidogo kitini ili aone vizuri. Sikuthubutu kumtazama mama mkwe. Malkia akaniuliza, wala si kwa ukali, kama nilishawahi kumwona kweli, hata siku moja.

Mdomo wangu, ambao haujawahi kunitii, ukasema kweli. Nikasema nilikuwa mtoto, nimekaa mapajani mwa mama yangu, katika ukumbi huuhuu. Yule mwanamke wa kwenye filamu alipomwacha mtoto wake mlangoni akaenda kutafuta kazi, nililia hadi watu wakaanza kupiga miluzi, na mwangalizi wa ukumbi akaja na tochi akatutoa. Njia nzima sikunyamaza. Basi mama akaniambia anaujua mwisho wake. Akasema yule mwanamke alirudi. Akamkuta mtoto palepale mlangoni, akamvisha viatu vyekundu alivyomnunulia, wakaingia ndani, wakafunga mlango, na tangu siku hiyo hakuna aliyelia tena katika nyumba ile. Nikanyamaza. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimelala begani mwake.

Mama hakuujua mwisho. Tulitolewa wote wawili. Aliutunga barabarani huku amenibeba. Hilo nimelielewa ukubwani, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki, na sijapata kuuangalia mwisho mwingine.

Hata wale wa nyuma wanaokula karanga walikuwa wameacha kutafuna. Malkia alikuwa hacheki tena. Akasema mwisho wa kweli si huo. Katika filamu mwanamke anapanda treni, na treni inakwenda, basi. Mwongozaji alitaka watu walie.

“Wa mama yako ni bora,” akasema. “Huo ningeucheza kwa moyo wote.”

Kisha akajifuta macho. Kwa kitambaa changu cha chai! Machozi ya kweli, mbele ya ukumbi mzima! Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kinyozi. Anadai alikuwa anaua mbu.

Nikakalishwa kando ya Malkia. Filamu ikaanza, nayo ni ileile tuliyotolewa. Ilipofika kwenye treni nilijitahidi. Nikauma kola ya shati. Haikusaidia, sauti ikatoka, ileile ya utotoni ila nzito zaidi, na mwangalizi wa sasa akaja na tochi yake. Malkia akamwambia aniache, niko naye. Nyuma yetu nikamsikia mama mkwe akiwaeleza watu wa safu nzima kwamba huyo anayelia ni mkwe wake, na kwamba katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyewahi kulia vizuri namna ile.

Malkia aliondoka na kitambaa. Aliomba, nikampa.

Tukirudi nyumbani mke wangu alinishika mkono. Akauliza kama naona sasa kwamba kweli yenyewe imetosha, haikuhitaji hata kijiko cha chai. Nikasema naona. Nikaapa, mbele yake na mbele ya mama yake, kwamba kuanzia sasa sitatunga tena hata neno moja kuhusu nyota yeyote. Kinyozi, aliyekuwa akitufuata nyuma, naye akaapa. Tukapeana mikono.

Jumatano, 12 Juni

Meneja wa ukumbi amekuja kuchukua suruali zake. Mwezi ujao wataonyesha filamu za yule Mpanda Farasi Mwimbaji, aliyekuwa akiimba hata akiwa amefungwa kamba. Atakuja mwenyewe!

Kusema kweli simkumbuki. Filamu zake zilionyeshwa saa ambayo mimi nilikuwa nalala. Lakini leo, nikikunja foronya, kumbukumbu imenirudia yenyewe, wazi kabisa: niliwahi kumwogesha farasi wake.

Huu si utungaji. Ni kumbukumbu iliyochelewa. Kinyozi anasema hata yeye imemrudia. Alikuwapo, ndiye aliyechana mkia.

Wasiwasi wetu ulikuwa ushahidi, nao umepatikana. Muuza mkaa ana punda mtulivu, mwenye uso wa kiungwana. Tutasema ni mjukuu wa farasi yule. Masikio ni marefu kidogo, lakini Kinyozi ameshayapima na anasema nywele zitayafunika. Mimi nitashughulikia rangi. Mama mkwe ameshakwenda kwa fundi cherehani kutangaza.

Mke wangu amesimama uani sasa hivi. Anauliza punda anafanya nini kwenye kamba zetu, na kwa nini anatafuna foronya ya hoteli. Nimemwambia apunguze sauti, ukoo wa farasi huyu ni wa wasanii na hawapendi kelele.