Tano na Tano ni Tisa

Redio ya Shangazi, muuza kahawa, ndiyo iliyochokoza. Ilitangaza kwamba mtoto mdogo aachwe ahesabu kwa vidole, asigombezwe, maana vidole ndivyo vinavyomfungulia akili. Benchi zima likamgeukia Msumeno, seremala mwenye binti darasa la kwanza, ambaye tangu afike alikuwa amekiinamia kikombe kama kimemwudhi.

"Mambo gani hayo?" akasema Profesa, karani mstaafu aliyepewa jina hilo kwa ubishi wake. "Enzi zetu kidole kikionekana, fimbo. Ndiyo maana tukawa na vichwa."

"Vichwa gani, mzee?" akadakia Shoti, fundi umeme. "Jana nimekuuliza saba na nane, ukaanza kukohoa."

"Nilikuwa na kikohozi."

"Ndiyo, ukakohoa mara kumi na tano, ukanijibu."

Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Msumeno hakucheka. Mchana huo alitakiwa kufika shuleni, na mwalimu alishasema wazi: mtoto asiposhika kujumlisha, anarudishwa chekechea. Asubuhi binti mwenyewe alikataa hata kuvaa sare, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baba yake.

"Hayo ya redio mimi nilishayafanya," akasema. "Kila jioni nampakata, tunahesabu vidole. Mbili na moja, anapata. Tatu na mbili, anapata. Tano na tano, tisa."

"Tisa?"

"Tisa. Akiambiwa kumi, anabisha. Kasimama mbele ya darasa, eti mwalimu kakosea, yeye kahesabu mwenyewe kwa macho yake."

"Huyo si wako, ni wa Profesa," akasema Shoti.

"Mchape," Profesa akashauri. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Wewe ulikunjwa, imesaidia nini?" Shangazi akamuuliza.

"Mimi naona kuna waya umelegea kichwani," Shoti akasema. "Ukoo wa mama yake ukoje?"

"Wahasibu watupu," Msumeno akajibu kwa uchungu.

Shangazi akaweka birika chini. "Seremala, hebu nionyeshe mnavyohesabu."

"Nampakata hivi, Shangazi. Namwambia, vidole vyako vidogo, utajichanganya, hesabu vya baba." Akafungua viganja vyote viwili mbele yao.

Shoti akaanza kuhesabu kwa midomo, akafika mwisho, akarudia. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikwenda na mashine ya kuranda mbao kabla mtoto hajazaliwa, na kijiwe kizima kilishazoea, mwenye mkono kuliko wote.

"Baba wee," Shangazi akasema polepole, "mtoto hana kosa."

Msumeno akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza anakabidhiwa. Aibu ikampanda hadi masikioni. Nyuma ya aibu ikaja furaha: kumbe binti yake alisimama peke yake mbele ya darasa zima akakitetea alichokiona. Akainuka, kahawa akaiacha ilivyo.

"Lakini tusidanganyane," Profesa akasema, "kumi ni kumi, na mtoto kafeli."

Msumeno alikuwa ameshavuka mtaro.

"Unakimbilia wapi?" Shoti akamwita. "Si umeambiwa mchana?"

"Shule. Mwalimu anataka mtu wa kurudi chekechea. Najipeleka."