Mgombea Haruhusiwi Kugeuka

Leo nimeaibika jamani, na shati la kugombea bado ninalo mwilini.

Mnajua miaka sita nimekuwa mwenyekiti wa baraza la kata huku kwetu Kasulu, naamua kesi za mashamba. Jana nikajiuzulu ili nigombee uenyekiti wa kijiji. (Mke wangu alisema subiri upite kwanza. Nikamwambia atulie, watu hawa nawajua.)

Asubuhi kura za maoni za chama, uwanja wa shule. Karatasi hakuna. Wagombea tunakaa kwenye viti, wanachama wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Ukigeuka kuangalia, umefutwa! Kulia kwangu Shabani mwenye duka anatafuna karanga kama yuko harusini.

Filimbi ikalia. Vishindo vikaelekea kwa Shabani. Jasho likanitoka. Mara nikasikia miguu nyuma yangu. Watu! Halafu wengine! Nikaanza kutabasamu, hata nikawaza nitaanza na barabara ipi.

Mzee Bukuru akanong'ona kisogoni, "Mwenyekiti, hukumu yangu vipi?"

Moyo paa! Huyu na jirani yake, Mama Jeni, wanagombania hatua kumi za shamba la maharage. Kesi yao nimeiahirisha weee, nisije nikakosa kura za upande mmoja. Na kila mmoja nilimwita pembeni nikamwambia, "Usiwe na wasi, shamba ni lako."

"Hukumu yako wewe?" Mama Jeni akadakia. "Shamba aliniambia ni langu!"

"Langu!"

"Langu mimi!"

Koo mbili nzima zinafoka mgongoni kwangu, nami nimekazia macho mbele kama napigwa picha ya kitambulisho.

"Mwenyekiti, sema basi!"

Msimamizi wa kura akaja. "Jamani, huyu jana ameacha baraza. Hana hukumu tena. Kesi yenu itaanza upya."

"Ameacha bila kutuamulia?" Mzee Bukuru akauliza. Kisha akasema, "Mama Jeni, twende zetu."

"Twende, baba."

Miaka yote ya kesi sijawahi kuwasikia wakikubaliana! Miguu yote ikahamia kwa Shabani. (Mke wangu hana kadi ya chama. Nani alimwambia haina haja? Mimi.)

Msimamizi akahesabu ya Shabani mpaka akachoka. Akaja kwangu. "Na yule mama kule nyuma, ni wa nani?"

Yebaba we! Mama mkwe wangu. Peke yake, kajifunika khanga usoni (nilisimuliwa baadaye, kugeuka siruhusiwi). Alitaka kunipa kura, lakini kwa desturi yetu mama mkwe hamkaribii mkwewe, basi kasimama kule kule mbali.

"Mama, sogea kwa mgombea. Hapo huhesabiki."

"Nimsogelee mkwe wangu? Mbele za watu? Wewe mtoto una akili?"

Akasihiwa. Akakataa. Akasihiwa tena, akakaribia kulia. Uwanja mzima unakufa kwa kicheko, nami nimeganda kwenye kiti, natamani ardhi inimeze.

"Sifuri," msimamizi akaandika.

Basi baraza sina, kijiji sina. Nawaombeni msicheke. Watu walipoondoka nilibaki nikapima kutoka kwenye kiti changu hadi pale aliposimama mama. Hatua kumi kamili.