Malalamiko Kuhusu Kutojumlishwa kwa Alama Zangu Tatu

Sostenes M. Ngassa,
Msimamizi wa Zamu, Mtambo wa Mama Hosiana,
Katoro, Geita.

Kwa Mkuu wa Udahili,
Shule ya Uzamili ya Biashara.

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha barua kinajieleza, ila kwa kuwa ofisi yenu imeshanielewa vibaya mara tatu, nitaeleza polepole.

Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na moja, shahada ya kwanza ninayo, na kwa miaka kumi na moja nimesimamia kazi katika mtambo wa kuchenjua dhahabu wa Mama Hosiana. Mama huyu ametangaza kwamba atamsomesha mfanyakazi mmoja kwenu, na atakayerudi na shahada ya uzamili ndiye atakuwa meneja. Mmoja tu. Tulioomba ni wawili: mimi, na Bernadina Masalu, binti wa miaka ishirini na sita anayepima sampuli maabara. Huyo nimempokea mimi mwenyewe siku ya kwanza na kumwonyesha namna ya kuvaa glovu.

Mtihani wenu wa kujiunga nimekwenda kuufanya Shinyanga mara tatu. Mara ya kwanza nilipata 380, ya pili 400, ya tatu 410. Bernadina ameufanya mara moja, akapata 620, na kesho yake alikuwa kazini kama mtu aliyetoka kununua dagaa.

Sasa mmeniandikia kwamba ninyi huangalia alama ya juu kuliko zote, yaani hiyo 410, na kwamba zile nyingine hazina kazi. Hapo ndipo tunapogombana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huku kwetu mchanga ukishaoshwa na wachimbaji hautupwi. Unaitwa marudio. Wanatuletea mtamboni, tunauloweka kwenye matangi yenye dawa, na dhahabu iliyojificha inatoka. Mzigo ukiwa mkaidi tunaurudia tena na tena. Mwisho wa kazi tunapima dhahabu ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pamoja. Sijapata kuona mwenye mzigo akiambiwa achukue kipande kikubwa tu, vingine tumwage. Angetupiga, na polisi wangemwelewa. Kwa hesabu hiyo mimi nina 380, 400 na 410, jumla 1190. Haba na haba hujaza kibaba, na changu kimejaa.

2. Nilipopiga simu, mtu wenu wa mapokezi alinijibu kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Niliumia sana. Kwanza, kwa sauti yake mimi ni sawa na baba yake, na hakuniamkia. Pili, si kweli kwamba nilirudia makosa yaleyale. Mara ya kwanza nilishindwa hesabu za uwiano. Mara ya pili muda uliniishia. Mara ya tatu nilishindwa kwa sababu mpya kabisa, ambazo sikuwa nazo mwanzo. Mtu wa namna hiyo anakua kielimu.

3. Aliyefanya mara moja mnajuaje kama anajua? Bernadina mwenyewe hukataa kuandika majibu ya sampuli mpaka aipime mara tatu, hata mwenye mzigo akimfokea dirishani. Kwa kanuni yake mwenyewe, basi, yeye bado hajapimwa. Simsemi vibaya. Ni mtoto mwenye adabu, ananipa shikamoo kila asubuhi, na ndiye aliyenifundisha huo uwiano saa za chakula, kwa mfano wa maji na chokaa tunayotia kwenye matangi, mpaka nikaelewa. Katika zile alama kumi za mwisho natambua mchango wake. Lakini mchango ni mchango na umeneja ni umeneja.

4. Mnataka msimamizi wa kila mwombaji aandike barua ya kumthibitisha, na bila barua hiyo jina la mwombaji haliendi mbele. Msimamizi wa Bernadina ni mimi. Barua hiyo sijaiandika, na hii ni wiki ya tatu. Si roho mbaya. Nina shughuli nyingi, mojawapo ikiwa hii ya kuwaandikia ninyi.

5. Mnasema kikomo cha alama ni 800. Mimi nimekizidi kwa 390. Naomba hizo ziada zisipotee: ama nisamehewe masomo ya muhula wa kwanza, ama ziandikwe kwa jina la mwanangu Benjamini, yuko darasa la sita, atazikuta. Na kama hamjawahi kupata mwanafunzi aliyezidi kikomo, mtaona wenyewe kwamba si heshima kumweka mtu kama huyo kwenye dawati. Niko tayari kufundisha siku za Jumatano.

Nisikufiche, Ndugu Mkuu, jambo hili linaniuma. Mtu niliyemwonyesha mahali pa kutundika koti lake atarudi kunipangia zamu, nami nitamwita Meneja mbele ya wapakia mchanga ambao hadi leo wananiita Mzee Mtaalamu. Usingizi sipati vizuri.

Nangoja jibu kabla ya Ijumaa, siku mnayofunga orodha. Nisalimie walimu wote, wapishi, walinzi wa getini, na yule wa mapokezi pia. Mwambie marahaba yake ipo, akiwa tayari kuileta shikamoo. Mke wangu Paskalia anawasalimu, ingawa hajui nawaandikia nini. Mwangaluka kwenu nyote, kama tunavyosalimiana Kisukuma.

Ni mimi, mwenye 1190,
Sostenes M. Ngassa

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Bernadina aipitie barua hii, maana mimi nikiandika kwa hasira huruka maneno. Aliisoma yote akiwa amesimama, pamoja na namba nne. Hakukasirika. Alisema hoja ya kujumlisha ni nzuri, Mzee, na kama ndivyo, basi mwezi ujao naye atakwenda Shinyanga kufanya mara ya pili. Nikachukua kalkuleta. 620 mara mbili ni 1240. Nikamwuliza kama ana mpango wa mara ya tatu, akasema hiyo itategemea malalamiko namba nne. Kwa hiyo ombi la kujumlisha nalifuta, na la Jumatano pia. Alama ya juu kuliko zote inatosha, utaratibu wenu ni wa busara. Barua ya kumthibitisha nimeiandika, imo humu ndani. Nimesema kwamba kwa miaka minne hajawahi kukosea kipimo, na huo ni ukweli mtupu. Mchukueni mapema tafadhali. Mimi niandikisheni mtihani wa mwezi ujao. Ameniahidi kunifundisha asilimia kabla hajaondoka.